Ngurumo ya Kuazima

Bandari ile ilikuwa na bahati ya kupata msemaji ambaye ulimi wake haukuwa na mfupa hata wa kuchokolea meno. Meli zikikaa nje wiki nzima zikingoja zamu, Msemaji aliwaambia waandishi wa habari kwamba bandari inapendwa mno. Kontena la mtu likipotea, alisema limehifadhiwa mahali salama zaidi. Siku paa la ghala lilipoporomoka, kwa bahati njema bila kumuumiza mtu, alisema hiyo ni hatua ya kwanza ya upanuzi. Waandishi walicheka, lakini waliandika. Jina lake hasa walilijua mama yake na mlipa mishahara; wengine wote, hadi muuza mkaa wa mtaani, walimwita Msemaji, naye aliitikia kwa furaha.

Nyumbani kwake, hata hivyo, walikuwepo watu wawili ambao maneno yake yaliingia sikio hili na kutokea lile. Wa kwanza alikuwa binti yake mchanga, ambaye hata kukaa alikuwa hajajua, na ambaye wazazi walimpa cheo cha Meneja kwa sababu ndiye aliyeamua nani ale saa ngapi na nani asilale. Wa pili alikuwa mkewe, fundi wa nguo, mwanamke mwenye cherehani ya mkono na macho ya kupima. Akikutazama mara moja tu alijua mabega yako yana upana gani, na kama unachokisema kinakutosha au kinakupwaya.

Waliishi katika nyumba ya kazi iliyopakana na ukuta wa bandari. Upande wa pili wa ukuta aliishi Bi Kikohozi. Huyu hakuwa mtu, ingawa alikuwa na tabia kuliko watu wengi. Alikuwa kreni kuukuu ya yadi ya makontena, jitu la chuma lililotanua miguu juu ya safu za makontena na kutembea kwa matairi, na injini yake ya dizeli ilikuwa imepita umri wa kustaafu. Kila alipowashwa alikohoa kwanza, kikohozi kikavu cha mtu anayetaka watu wajue anaumwa. Kisha alipiga chafya ya moshi mweusi. Kisha ndipo alipoanza kunguruma. Vikombe vilicheza kabatini, kioo cha dirisha kikatetemeka, na Meneja akaruka kitandani mikono juu kama mwizi aliyezingirwa na polisi, akalia hadi mmoja kati yake na injini achoke. Kwa kawaida injini ndiyo iliyochoka mapema.

"Subiri," Msemaji alikuwa akimwambia mkewe tangu enzi za uchumba. "Bandari inapanuliwa. Yadi mpya inajengwa, na zinakuja kreni mseto. Zile zina betri kubwa, na injini ndogo inayowaka pale tu betri inapopungua. Kimya kabisa, mke wangu. Paka akipita ukutani utamsikia."

Kreni mseto zilikuwa zije mwanzoni mwa mwaka, kisha katikati ya mwaka, kisha "hivi karibuni", maneno ambayo Msemaji aliyapenda kwa sababu hayana tarehe. Mkewe alisubiri hadi mimba ikawa mtoto, na mtoto akawa Meneja. Mwishowe, kwa mshangao wa kila mtu, Msemaji akiwemo, kreni zikaja kweli. Zilikuwa nyeupe, ndefu, safi, na siku ya uzinduzi ikapangwa.

Mkewe alipoisikia habari hiyo aliweka mkasi mezani.

"Baba Meneja, nisikilize, maana sitarudia. Kelele ningeivumilia. Kinachonichosha ni kuambiwa kesho kila leo. Si umesema Bi Kikohozi anastaafu mkizindua hizo mpya?"

"Anakatwakatwa, anauzwa chuma chakavu."

"Haya. Nikimsikia siku hiyo, au siku yoyote baada ya hapo, hata akikohoa mara moja tu, mimi na mwanangu na cherehani yangu tunakwenda kwa shangazi, bara, ambako anayepiga kelele ni jogoo. Na usinifuate na maneno yako."

"Hutamsikia. Naapa."

"Usiape. Wewe nyamaza tu, na yeye anyamaze."

Lilikuwa ombi dogo kuliko yote aliyowahi kuombwa. Tatizo ni kwamba aliyeombwa kunyamaza analipwa kwa kusema.

Siku chache kabla ya uzinduzi yalifanyika mazoezi. Katika yadi mpya palijengwa jukwaa lenye zulia jekundu, na juu ya jukwaa pakawekwa kimeza chenye kitufe chekundu kikubwa kama kisahani cha chai. Mgeni rasmi angekibonyeza, taa ya kijani ingewaka katika chumba cha dereva wa kreni mpya, na kreni ingeanza kazi. Mkurugenzi wa bandari, mtu mfupi mwenye haraka, aliyetembea kana kwamba kivuli chake kinamdai, alipanda jukwaani kujaribu mwenyewe. Akabonyeza. Akangoja.

"Bado?" aliuliza.

"Imeshawaka, bosi," alijibu Mhandisi, bwana mpole aliyekuja pamoja na kreni hizo.

"Imewaka nini?"

"Kreni."

"Mbona haisemi?"

Mhandisi akaeleza kwa raha ya mzazi anayesifia mtoto. Betri imejaa, kwa hiyo injini haina sababu ya kuwaka. Kreni ikishusha kontena, uzito wa kontena lenyewe unairudishia betri nguvu. Dizeli kidogo, moshi kidogo, kelele hakuna. Ndio uzuri wake.

"Uzuri wake mimi nauona wapi?" Mkurugenzi alifoka. "Mgeni rasmi alizindua kisima, maji yakaruka. Akazindua barabara, malori yakapita yakipiga honi. Akazindua hospitali, mtoto akazaliwa pale pale akalia. Hapa abonyeze asikie nini? Upepo?"

Wakati anasema hayo, kreni mpya ilikuwa imenyanyua kontena zima, ikalipeleka hewani na kuliweka juu ya jingine taratibu, mithili ya mama anayefunika chungu mtoto asiamke. Hakuna aliyeona, kwa sababu hakuna aliyesikia. Mpiga picha wa bandari alikuwa amegeuka upande wa pili anakula karanga.

"Mtu akinunua ngoma isiyolia atasema ameuziwa ngozi," Mkurugenzi aliendelea, jasho likimtoka. "Atauliza bandari ilinunua nini. Msemaji! Kazi yako sauti. Nitafutie sauti."

Msemaji alianza na simu yake. Alitafuta mlio wa injini akauweka kwenye spika za jukwaani, ukatoka mlio wa mashine ya kusaga iliyomeza jiwe. Akajaribu mwingine, ukatoka wa ndege ikipaa, na wapakizi wawili wakatazama juu. Mkurugenzi alifunga macho. Ndipo, kutoka yadi ya zamani, nyuma ya safu za makontena, Bi Kikohozi akakohoa. Alikuwa anamalizia siku zake za mwisho kazini. Akapiga chafya, akanguruma, na sakafu ya jukwaa ikatikisika miguuni mwao.

Wote waligeuza shingo upande ule. Na Msemaji, ambaye ulimi wake ulikuwa na desturi ya kutoka nyumbani kabla akili haijavaa viatu, akasema, "Si yule pale? Atatungurumia yeye. Mgeni rasmi abonyeze huku, yule awashwe kule nyuma. Makontena yatamficha. Nani atajua?"

Alipomaliza tu kusema alimkumbuka mkewe, lakini alikuwa amechelewa. Mkurugenzi alikuwa tayari amemkumbatia kiunoni, maana mabegani hafiki.

"Kijana, wewe si wa kukaa ofisi ile ya chini. Mambo yakienda sawa, mkuu wa kitengo cha mawasiliano ni wewe. Mambo yakienda kombo," akamwachia, "nako nitakukumbuka."

Mhandisi alikunja uso. "Lakini hii kreni imenunuliwa ili isipige kelele."

"Na haitapiga," alisema Msemaji. "Itapigiwa."

Dereva wa Bi Kikohozi alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa mkewe, jibaba lenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Miaka aliyokaa juu ya injini ile ilikuwa imemfundisha kwamba binadamu wote ni viziwi. Msemaji alimkuta chini ya kreni yake anaipangusa taa kwa kitambaa, jambo ambalo kwa kreni inayokwenda kukatwa vipande halikuwa na maana yoyote, na Msemaji alijifanya hajaona.

"Shemeji, nina kazi ndogo."

"SEMA!"

Akamweleza, huku akimwonyesha kwa mkono apunguze sauti. Shemeji alisikiliza hadi mwisho, akatia kitambaa mfukoni.

"Yaani unataka nimfukuze dada yangu kwa mikono yangu mwenyewe? Kaniambia kila kitu. Akisikia kikohozi, anaondoka."

"Hatasikia. Asubuhi ile anampeleka mtoto kliniki kupimwa uzito. Foleni ya pale unaijua. Sherehe inaanza na kwisha, yeye bado hajaitwa. Unawasha, unanguruma dakika moja, unazima. Anarudi, anakuta kimya. Kila mtu anafurahi."

"Mshika mbili moja humponyoka, shemeji."

"Mimi nina mikono miwili."

"Ndiyo maana ninakwambia." Shemeji akaitazama kreni yake kutoka matairini hadi juu. Yeye mwenyewe alikuwa amepangiwa kukaa getini, kuinua na kushusha kizuizi cha magari. "Ila sikufichi, huyu bibi anastahili kuagwa. Wangemburuta kama mzoga. Alama itakuwa nini?"

"Nitavua kofia yangu niinyanyue juu. Ukiniona, washa. Dakika moja, shemeji."

"Kumuaga mtu dakika moja ni matusi," alisema shemeji, lakini aliitikia kwa kichwa.

Asubuhi ya uzinduzi Msemaji aliamka akadhani amekufa. Hakukuwa na sauti. Bi Kikohozi alikuwa amezimwa jana yake, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile ilisikika saa ya ukutani. Kumbe ilikuwa inafanya kazi. Bomba la jikoni lilikuwa linavuja, nalo likasikika. Meneja alikuwa amelala chali, mdomo wazi, mikono imetulia. Mkewe alikuwa amekaa kitandani hajasuka hata nywele, anamtazama mtoto anavyopumua, na aliponyanyua uso machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Umetimiza," alimwambia mumewe. "Mimi nilijua utanidanganya tena. Nisamehe."

Msemaji alitamani wakati ule kukaa pale pale na kusikiliza bomba likivuja maisha yake yote. Alitamani kweli, nasi tumpe haki yake. Badala yake alisema, "Usichelewe kliniki."

Sherehe ilianza kama sherehe zote za namna hiyo, yaani haikuanza. Mgeni rasmi alikuwa njiani. Baadaye alikuwa bado yuko njiani. Bendi ilipiga nyimbo zote inazozijua ikarudia wa kwanza. Wafanyakazi waliogawiwa fulana mpya walizivua wakajifunika vichwa. Mshereheshaji alisema mara nyingi kwamba itifaki imezingatiwa, na jua nalo likazingatia utosi wa kila mtu. Wazee wa mtaani walioalikwa kushuhudia maendeleo walishuhudia chupa za maji zikipita kwenda safu ya mbele.

Msemaji alisimama pembeni mwa jukwaa, kofia kichwani, jicho moja kwenye lango la wageni na jingine ukutani. Kutoka pale aliliona paa la nyumba yake, na kando ya paa kamba ya kuanikia nguo. Kamba ilikuwa tupu. Ilimradi kamba iko tupu, mkewe yuko kliniki. Adhuhuri ikapita. Ving'ora vikasikika barabarani, msafara ukaingia kwa vumbi, watu wakasimama, bendi ikaamka. Mgeni rasmi, mtu mnene mwenye tabasamu la kuazimisha, alishuka akipunga mkono kwa makontena.

Msemaji aliangalia tena ukutani. Kwenye kamba ilikuwa imetokea nepi nyeupe. Kisha ya pili. Akauona mkono ukipachika kibanio, mkono anaoujua.

Alimkimbilia Mkurugenzi akamshika kiwiko. "Bosi, tuache ile habari ya ngurumo. Tumweleze tu ukweli. Kimya ndio ubora wake, tumwambie kimya ndio teknolojia."

"Ukweli?" Mkurugenzi alimtazama kana kwamba amemtajia ugonjwa. "Leo? Mbele ya watu? Rudi pale usimame, ushike kofia yako."

Msemaji alimpigia shemeji simu. Iliita hadi ikakata. Shemeji alikuwa ameshapanda juu, masikio ameyaziba kwa vile vizibo vya kazini. Lakini Msemaji alipotulia kidogo aligundua kwamba hana haja ya kumpata shemeji. Alama ilikuwa kofia, na kofia ilikuwa yake, kichwani mwake. Asipoivua, hakuna kitakachonguruma. Akaishika kwa mikono yote miwili akaikandamiza hadi masikioni. Akajiambia, liwalo na liwe. Wacha nirudi ofisi ya chini. Wacha nifukuzwe. Kwa dakika nzima mtu yule alikuwa mume mwema kuliko wote mjini.

Risala ikasomwa. Mgeni rasmi akasogea kwenye kimeza, akakunja mkono wa shati, akanyanyua kidole ili kamera zikione, akabonyeza.

Kimya.

Kreni nyeupe nyuma yake iliitikia mara moja, ikashusha ndoano zake na kulikamata kontena kwa adabu. Mgeni rasmi hakugeuka. Alikuwa amekunja shingo anasikiliza. Akabonyeza tena. Akabonyeza kwa kidole gumba. Mtu mmoja katika safu za nyuma akakohoa, na watu wakamcheka. Tabasamu la mgeni rasmi likaanza kulegea upande mmoja. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mkurugenzi alijua mshindo wa kimya hiki utamwangukia nani, akamgeukia Msemaji kwa uso wa mtu anayezama. Wageni nao wakamtazama Msemaji. Kamera zikamtazama. Katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kutazamwa na watu wengi hivyo akakosa la kuwapa.

Akavua kofia akainyanyua juu.

Dakika moja tu, alijiambia mkono ukiwa hewani. Nitamweleza. Mimi kueleza siwezi kushindwa.

Bi Kikohozi akakohoa. Akakohoa tena, kwa kirefu, kikohozi cha mtu aliyeambiwa hii ndiyo mara yake ya mwisho. Moshi mweusi ukapanda juu ya safu za makontena, na ngurumo ikaja ikatikisa jukwaa, kimeza, kitufe na mashavu ya mgeni rasmi. Shemeji hakuaga kwa dakika moja. Alinguruma dakika moja, akapumzika, watu wakidhani imekwisha, akaanza upya kwa nguvu zaidi, na katikati akatia honi ndefu iliyoshuka polepole kama kilio cha msibani. Wananchi walishangilia. Wanawake walipiga vigelegele. Upepo uligeuza moshi ukaushusha juu ya safu ya mbele, na mashati meupe ya waheshimiwa yakawa na madoadoa. Hakuna aliyejali. Kreni nyeupe ilikuwa imeshapanga makontena manne, na aliyeyaona ni Mhandisi peke yake, aliyekuwa amejishika kichwa.

Msemaji alitazama ukutani. Mkono ulikuwa unaanua nepi, moja baada ya nyingine, zikiwa bado mbichi.

Mgeni rasmi alitupilia mbali hotuba iliyoandikwa. "Ndugu wananchi," alisema, macho yanang'aa, "nilikuja hapa na wasiwasi. Kuna watu waliniambia eti mitambo ya siku hizi haina sauti. Nikajiuliza, mtambo usio na sauti utajuaje kama uko kazini? Leo nimesikia mwenyewe. Hii ndiyo sauti ya maendeleo!"

Makofi.

"Mkurugenzi, ile kreni inayotoa moshi kule nyuma ndiyo iliyonguruma?"

Mkurugenzi alipangusa jasho. "Ndiyo, mheshimiwa."

"Sasa kitu kizuri mnakifichia nini? Isogezwe hadi pale ukutani kabisa, wananchi wa mtaa ule nao wafaidi. Ifanye kazi mchana na usiku, watu wasikie kwamba bandari yao imepanuka. Dereva wake apandishwe cheo. Na hii nyeupe iliyosimama hapa nyuma yangu bila kusema neno," akageuka, akaipima kwa jicho la huruma, "hii ichunguzwe. Nahisi mmeuziwa mbovu."

"Itachunguzwa, mheshimiwa," alisema Mkurugenzi, akaandika kiganjani.

Baada ya hapo kila mtu alipata alichostahili, kama inavyotokea katika hadithi za kuwafunza watoto adabu, isipokuwa hapa hakuna aliyeuliza nani anastahili nini. Bi Kikohozi alifungwa utepe shingoni. Shemeji alishuka akikumbatiwa na watu asiowajua, akaambiwa yeye sasa ni msimamizi wa kreni zote, akajibu kwa sauti iliyofika sokoni kwamba hajaelewa. Kreni mseto zilizungushiwa kamba, ili wataalamu waje wachunguze kwa nini hazipigi kelele. Msemaji alipewa mkono na Mkurugenzi na kuambiwa ofisi ya juu inapakwa rangi. Alishukuru, akatoka mbio kwa miguu, akazunguka ukuta.

Mkewe alikuwa sebuleni, amembeba Meneja mgongoni kwa mbeleko. Begi lilikuwa mlangoni, na juu ya begi mfuko wa nepi mbichi unachuruzika maji. Cherehani ilikuwa bado mezani dirishani, imefunikwa kifuniko chake cha mbao, tayari kubebwa. Nje bajaji ilikuwa inangoja, dereva wake anapangusa kioo.

"Mama Meneja, ngoja kwanza. Ilikuwa mara moja tu."

"Mara mbili. Na honi." Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomtisha. "Nina swali moja, ndiyo maana unanikuta. Kaka yangu hawezi kuwasha kreni iliyofungwa bila kuambiwa. Nani alimwambia?"

Lilikuwa swali la kujibiwa kwa neno moja. Mimi, basi. Mtoto anayejifunza kusema angeliweza. Msemaji alivuta pumzi, na zikatoka pumzi za kazini.

"Unajua, kulijitokeza changamoto ya kiufundi, na baada ya mashauriano na wadau mbalimbali, ikaonekana kwamba..."

Simu yake ikaita. Ilikuwa redio, kile kipindi cha mchana ambacho mji mzima unasikiliza, na walikuwa wanamtaka moja kwa moja hewani. Aliitazama simu. Akamtazama mkewe. Kisha akanyanyua kidole kimoja, kile cha "subiri kidogo," akampa mgongo ili asikie vizuri.

"Msemaji," alisema mtangazaji, "hongereni kwa uzinduzi. Ila tumepigiwa simu na wakazi wa karibu na bandari. Wanasema badala ya kelele kupungua, zimezidi. Unawaambia nini?"

"Nawatoa wasiwasi kabisa," alisema Msemaji, na sauti yake, masikini, ilikuwa imeshanyooka na kupata uhai. "Kreni zetu mpya hazina kelele. Huo ni uvumi. Mimi mwenyewe ni mkazi wa hapa, nyumba yangu inapakana na ukuta wa bandari. Hivi tunavyozungumza niko sebuleni na familia yangu, mke wangu yuko hapa, mtoto amelala. Kumetulia tuli."

Upande wa pili wa ukuta, ambako walikuwa wanamsogeza kama ilivyoagizwa, Bi Kikohozi akakohoa. Akapiga chafya, akanguruma karibu kuliko alivyowahi kunguruma, na vikombe vikaanza kucheza kabatini.

"Msemaji?" mtangazaji alipaza sauti. "Hiyo ni sauti gani?"

"Hiyo?" Msemaji alicheka kidogo. "Hiyo ni cherehani ya mke wangu. Anashona."

Akageuka ili amwonyeshe mtangazaji, kana kwamba mtangazaji anaona. Begi halikuwepo. Mlango ulikuwa wazi na bajaji imeondoka, wala hakuwa ameisikia ikiwaka. Mezani dirishani palibaki alama ya mafuta yenye umbo la cherehani, na kipande cha uzi.

"Ana bidii sana," alisema mtangazaji. "Basi msalimie."

"Nitamsalimia," alisema Msemaji.